Jina la kati la mtoto wa kiume: jinsi ya kulichagua liendane na la kwanza na lisikusumbue kwenye makaratasi

Jina la kwanza tunalihangaikia miezi tisa nzima, tunakesha kwenye simu tunasoma listi za majina na maana zake, alafu jina la kati tunaliamua kwa dakika tano nesi ameshika kalamu anasubiri na nyuma kuna foleni. Mimi nina watoto watatu, wote wa kiume, na wa kwanza nilichemka kabisa. Nilimwita Elia, nikasema jina la pili liwe Amani maana mimba ile ilinisumbua na nilivyojifungua nikapata amani ya moyo. Mimi ni Mpare, na huko kwetu Eliamani ni jina la watu kabisa, wapo wengi tu, sasa nilivyolitaja pale dirishani nikataja haraka haraka, Elia Amani, yule aliyekuwa anaandika akaandika Eliamani, neno moja, wala hakuniuliza. Na mimi sikusoma, nilikuwa na mshono na mtoto analia. Kuja kugundua mtoto ana mwaka na nusu.

Wa pili na wa tatu ndo nikawa na akili. Haya hapa ndo ninayowaambia wifi zangu na kila anayeniuliza, na kama mimba yako bado changa ndo vizuri zaidi, usisubiri uchungu.

Hatua ya kwanza: hiyo nafasi ya kati ni ya nani?

Hili watu wengi hawaliulizi, na ndo la kwanza kabisa. Ukisoma zile listi za majina za Wazungu utadhani jina la kati ni pambo, mzazi anajichagulia tu analolipenda. Kwetu Tanzania nafasi ya kati mara nyingi ina mwenyewe tayari, ambaye ni baba wa mtoto. Mtoto, baba, babu au ukoo, basi. Mwangalie Rais Samia Suluhu Hassan, Suluhu ndo baba yake. Mwangalie mzee Mwinyi na mwanae: baba ni Ali Hassan Mwinyi, mtoto ni Hussein Ali Mwinyi, yani yule Ali aliyekuwa mwanzo kwa baba kasogea kakaa katikati kwa mtoto, na Hassan kaondoka. Na kwa akina Karume ndo utamu, rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, mwanae aliyekuja kuwa rais mwaka 2000 ni Amani Abeid Karume. Jina la katikati limerudi mbele na la mbele limerudi katikati, zile familia za pwani zinapenda sana mzunguko huo wa babu na mjukuu.

Kama familia yenu inafuata utaratibu huo basi jina la kati hulichagui, limeshachaguliwa siku uliyoolewa hehe. Unachochagua ni jina la kwanza litakalokaa vizuri na la baba, kwa hiyo yote nitakayosema huko chini we yasome kwa kugeuza.

Utaratibu wa pili ni wa jina la dini au la kisasa mbele, jina la nyumbani katikati, la baba mwisho. Mfano mkubwa ni Mwalimu, Julius Kambarage Nyerere. Nyerere ni jina la baba yake, chifu Nyerere Burito, na inasemwa kwa Kizanaki ni kiwavi maana baba yake alizaliwa wakati viwavi vimevamia mashamba. Kambarage ndo jina lake alilopewa mwenyewe nyumbani, jina la mzimu wa mvua, na hata hilo halikuwa la kwanza, alianza kuitwa Mugendi wakabadilisha baada ya kwenda kwa mganga. Julius likaja 1943 alipobatizwa akiwa mtu mzima wa miaka 21. Majirani zetu Kenya nao wengi wako hivi, Uhuru Muigai Kenyatta, huyo Muigai ni baba yake Mzee Jomo, yani babu kakaa katikati.

Utaratibu wa tatu ni wa sisi tunaotaka kila kitu, majina mawili ya mtoto, la baba, na la ukoo. Yanakuwa manne. Sikatazi, wangu wote wako hivyo, ila ujue kwamba fomu nyingi zina vyumba vitatu, la kwanza, la kati, la mwisho, kwa hiyo kila mahali mtu ataamua mwenyewe lipi aliruke. Shule itaruka la baba, hospitali itaruka la pili, bima itaruka la ukoo, na ukija kukusanya karatasi unakuta una watoto watatu kumbe ni mmoja. Ukiamua manne amua kabisa kwamba chumba cha kati kitaandikwa yote mawili, jina la pili na la baba, na uwe unaandika hivyo hivyo kila mahali bila kuchoka.

Na kwa mama anayelea peke yake, wengi wanaweka jina la baba yao wao, yani babu mzaa mama, hapo katikati. Ni kitu cha kawaida kabisa. Ila amua mapema ukiwa umetulia, usiamue siku una hasira na mwenzio.

Hatua ya pili: ongea na wazee kabla tumbo halijawa kubwa

Jina la kati kazi yake kubwa, kuliko hata uzuri, ni kumaliza ugomvi. Jina la kwanza ni la kwenu nyinyi wawili, mnalipenda, mnalitaka la kisasa, sawa. La kati ndo mnawapa wazee wapumue.

Wachaga wana utaratibu wao unaojulikana, wa kiume wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili wa babu mzaa mama. Ukiolewa Uchagani alafu mtoto wa kwanza ukamwita Jayden ukafunga mjadala, jiandae. Lakini ukisema Jayden alafu jina la babu likakaa katikati, mzee anafurahi, anachinja na mbuzi. Mume wangu ni Msukuma, kwao majina yanatokana sana na namna mtoto alivyokuja, mapacha ni Kulwa na Doto, anayefuata baada ya mapacha ni Shija, aliyezaliwa mvua inanyesha ni Mabula. Sasa hapo hata huchagui sana, mtoto anakuja na jina lake, na kama jina la kwanza mlishaliandaa la kizungu au la Biblia, hilo la kuzaliwa nalo linaingia katikati bila tabu. Ivan Shija. Nathan Mabula. Yanakaa.

Kitu ambacho sikukijua ni hili la kutamka. Kuna familia nyingi mkwe hatamki jina la baba mkwe, ni heshima. Wa pili wangu ana jina la baba mkwe, na nashukuru Mungu liko katikati, maana siku moja nilijisahau nikamkemea kwa jina hilo, we fulani acha hayo maji! na mama mkwe yuko sebuleni. Aliinua kichwa taratiiibu akaniangalia. Toka siku hiyo ni jina la kwanza tu, na nikitaka la pili namwita "baba". Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, jina la kumkemea mtoto liwe la kwanza, jina la kumheshimia mtu liwe la kati.

Ukiongea na wazee usiulize tu "tumpe jina gani", uliza na jina limetoka wapi. Kuna majina yalitolewa na mama aliyekuwa na machungu yake, Mashaka, Masumbuko, Shida, Tabu, Mateso. Si mabaya, wapo wakina Masumbuko wenye maisha yao mazuri tu, lakini ujue unachobeba. Na kama somo yake yuko hai, yani huyo anayerithiwa jina, mwende mumwambie, hata kwa simu. Wengine humletea mtoto khanga au kuku, wengine wanataka tu waambiwe wasije kusikia mtaani.

Alafu uliza hili kwa upole: kuna mtu katika ukoo ambaye jina lake halitakiwi? Kila ukoo unaye.

Hatua ya tatu: litamke, usilisome

Hapa ndo penyewe na nitakaa kidogo. Jina kwenye karatasi linadanganya. Unaona Elia Amani limeandikwa mbali mbali, zuri, lakini mdomoni hakuna nafasi pale kati, a na a zinashikana. Kiswahili chetu karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo jina la kwanza likiishia na a na la pili likaanza na a, yanaungana yanakuwa jina moja. Musa Amani unasikia Musamani. Isaya Ayubu unasikia mtu anakimbia. Juma Abasi, Baraka Abeli, vile vile. Na si a tu, Ali Issa ukilisema haraka ni Alissa, jina la mtoto wa kike!

Dawa ni rahisi, la kwanza likiishia na irabu, la pili lianze na konsonanti. Elia Baraka. Musa Salum. Isaya Daudi. Au badilisha zamu, Amani Elia linasimama vizuri kabisa maana i na e hazishikani kama a na a. Ningejua.

Cha pili ni silabi inayojirudia. Baraka Kamili, ka-ka. Isa Sadiki, sa-sa. Tito Tobia. Ukilisema mara moja unaona sawa, liseme mara tano kwa haraka kama mama anayeita mtoto ale, utaona ulimi unajigonga. Watoto wenzie shuleni ndo watakuwa wa kwanza kuona na hawana huruma.

Cha tatu ni mapigo. Sisi mkazo tunaweka silabi ya pili kutoka mwisho, baRAka, saLUmu, ramaDHAni, Elibariki unakaza kwenye RI. Kwa hiyo jina fupi la silabi mbili lina pigo moja la mwanzoni, MUsa, YOna, ISsa, na ukipanga matatu mafupi mfululizo, Juma Musa Issa, ni ngoma, tum-ta tum-ta tum-ta. Wapo wanaopenda, na kwa kweli kwa mchezaji mpira linatangazika. Ila kama unataka jina linalotiririka changanya urefu, fupi alafu refu, Yona Elibariki, Musa Ramadhani, Noa Emmanuel. Au refu alafu fupi, Emmanuel Yona, Zakaria Musa. Refu na refu ndo linachosha, Elibariki Nebukadneza Mwakasomething, mwalimu akifika katikati ya rejista anavuta pumzi. Na usisahau la mwisho, watu wanajaribu mawili tu wanasahau kuna la baba na la ukoo linakuja nyuma. Kama la ukoo ni refu, hawa wenzetu wa Mbeya wenye Mwa- mbele, basi la kati liwe fupi, atakushukuru akianza kujaza fomu.

Cha nne, mpe bibi alitamke. Siyo utani. Majina yanayoishia na konsonanti yanaongezwa irabu tu, Brighton anakuwa Braitoni, Ivan anakuwa Ivani, Allan ni Alani, na jina likiongezeka irabu mchezo wote wa juu unabadilika. Ethan kwa sehemu zenye shida na th ni Isani. Na kuna sehemu r na l zinabadilishana zamu, sasa ukimwita mtoto Larry alafu la kati Elirehema na bibi yake anatokea huko, utamwonea huruma. Jina litakaloitwa na watu wote wa mtoto huyu ndo jina lake, si lile uliloliona wewe kwenye simu. Mimi wa tatu niliacha jina nililolipenda sana kwa sababu baba yangu alilitamka likawa kama jina la dawa ya mbuzi.

Hatua ya nne: maana zisigongane wala zisijirudie

Sisi tuna lugha nyingi ndani ya nyumba moja kwa hiyo ni rahisi sana kusema kitu kile kile mara mbili bila kujua. Baraka Mugisha ni baraka baraka, Mugisha kwa Wahaya na ndugu zao wa Uganda na Rwanda ni baraka hiyo hiyo. Godbless Elibariki ni Mungu abariki Mungu abariki, na huko kaskazini usishangae ukimpata na wa ukoo naye ana Eli- mbele. Karama Zawadi. Amani Salama. Si dhambi, wengine wanafanya makusudi kukazia, lakini kama hukukusudia umepoteza nafasi ambayo ungeweza kumbebesha kitu kingine.

Mimi napenda la kwanza na la pili vifanye kazi tofauti. Moja linasema imani, lingine linasema ametoka wapi. Liam Gwamaka, hapo unajua kuna Mnyakyusa nyumbani. Daudi Masanja. Rayyan halafu jina la babu wa Tanga.

Angalia pia jina la kike na la kiume. Amani, Imani, Faraja, Tumaini, Furaha, haya ni ya wote. Mtoto wa kiume akiitwa Furaha Tumaini, hadi atakapofika chuo atakuwa anapangiwa bweni la wasichana. Kama la kwanza ni la pande zote, la kati liwe la kiume wazi, Imani Yohana, Tumaini Salehe, Faraja Petro.

Na uliza jina linamaanisha nini kwa lugha ya upande wa pili. Kwa Wakurya Chacha ni jina la heshima tele, ila mtaani Dar kuchacha ni kuishiwa hela au chakula kuharibika, mtoto atataniwa kidogo na atazoea. Hayati Rais Magufuli alikuwa John Pombe na aliongoza nchi. Kwa hiyo sisemi jina lenye utani liachwe, nasema ujue kabla, na jina kama hilo katikati linakaa salama kuliko mbele.

Kwa ndugu zangu Waislamu, neno moja kuhusu Abdul. Abdul peke yake halijakamilika, ni "mja wa", sasa mja wa nani? Abdulaziz, Abdulrahman, Abdulkarim, Abdallah, andika pamoja, neno moja. Ukiacha nafasi, Abdul Rahman, kompyuta inamfanya Rahman kuwa jina la kati, jina la baba linasukumwa mwisho na la babu linaanguka. Nimeona mtu mzima kabisa anaitwa Rahman ofisini na anajua si sawa lakini kitambulisho kinasema hivyo. Na kwa kuwa nasaba mnaifuata kwa baba, hapo kati ni pa baba, we pambana na la kwanza tu, una mpaka siku ya saba ya akika kulitafakari, si lazima siku ile ile ya leba.

Kitu kingine kinachonichekesha ni baba kumpa mtoto jina lake mwenyewe alafu utaratibu wa jina la kati ni la baba. Peter Peter. Hamisi Hamisi. Wapo! Kama baba ana hamu sana ya kujirithisha, mpeni nafasi ya kati ambayo ni yake tayari, mtoto apate la kwake mbele. Na hilo Junior liwe la kuitia nyumbani, lisiingie kwenye cheti. Likiingia linafanywa jina la kati na mtoto anazeeka nalo.

Hatua ya tano: herufi za mwanzo

Hii ni fupi. Andika herufi tatu za mwanzo uone zinasomeka nini. Jackson Imani na ukoo unaoanza na K ni JIK, dawa ya kufulia. Amani Tumaini na ukoo wa M ni ATM, huyo ndugu watamkopa maisha yake yote. Tumaini Richard na ukoo wa A ni TRA, huyu hatapata marafiki wenye maduka. Wengi hawatajali, lakini akisoma bweni vitu vyake vyote, ndoo, godoro, vitabu, vitaandikwa hizo herufi.

Hatua ya sita: mwite mahali tofauti

Bakisheni majina mawili au matatu tu, mkae nayo wiki mbili. Mume wangu aliona huu ni ujinga ila alikuja kuupenda. Mwite mlangoni jioni magharibi inaingia. Soma majina yote kama mwalimu anaita rejista. Soma kama emsii wa harusi, "tunamkaribisha bwana harusi...". Weka Dokta mbele, weka Mchungaji au Sheikh mbele. Lisome kama mtangazaji wa mpira dakika ya 89. Lisome kama karani wa mahakama pia, ndiyo, mshitakiwa namba moja, maana ndo maisha. Lile ambalo ulimi haukwami popote na halikuletei kicheko pasipotakiwa ndo lenyewe.

Usilitupe kwenye grupu la wasapu la ukoo lipigiwe kura. Utapata majina 47 na ugomvi mmoja.

Hatua ya saba: funga spelingi

Mkishakubaliana, andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, muiweke kwenye begi la leba pamoja na khanga. Majina yetu yana spelingi nyingi mno. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi. Yusuf, Yusuph, Yusufu. Emmanuel na Emanuel. Ramadhan na Ramadhani. Issa na Isa. Hussein na Huseni. Hakuna iliyo kosa, kosa ni kutumia mbili. Na kama la kati ni la baba, liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha baba herufi kwa herufi, usiandike unavyolisikia. Hapa baba ndo anatakiwa alete kitambulisho, asiseme tu kwa mdomo huku yuko kwenye simu.

Majina ya makabila ndo yanahitaji uangalifu zaidi, yule anayeandika anaweza kuwa ametoka mkoa mwingine kabisa na hajawahi kulisikia. Ambakisye likitajwa kwa mdomo linaweza kuandikwa namna nne. Mpe karatasi.

Hatua ya nane: dirishani

Ukijifungulia kituoni unapewa tangazo la kizazi, hiyo ndo karatasi mama, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili, kinafuata yaliyomo humo. Ukijifungulia nyumbani unaanzia kwa mtendaji. Usajili unatakiwa ndani ya siku 90, na kwa watoto chini ya miaka mitano kuna ule mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 ukasambaa mikoani, unasajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Uzuri wake ni karibu na nyumbani. Angalizo langu ni kwamba vyeti vingi vya mpango huo vimekuwa vikiandikwa kwa mkono, na mwandiko wa mtu u na n ni ndugu, a na o ni mapacha. Kwa Zanzibar kuna wakala wao wenyewe, ila kusoma karatasi ni kule kule.

Kwa hiyo usiondoke. Mtoto akilia mpe mwenzio ashike, wewe soma. Soma herufi moja moja kwa sauti, angalia nafasi kati ya jina na jina, angalia la kati liko kwenye chumba cha kati, angalia kama Abdulaziz imekatwa, angalia jina la baba na tarehe hapo hapo. Dakika mbili tu. Kosa likiwa kwenye tangazo kabla cheti hakijatoka ni la kusema samahani dada naomba turekebishe. Likishaingia kwenye cheti ni barua na nauli.

Baada ya hapo kazi ni kulinda. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, bima, fomu ya chekechea, kote andika vile vile, usifupishe la kati kuwa herufi moja na nukta kwa sababu nafasi ni ndogo. Angalia sana shuleni anapoandikishwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, majina yaliyoingia pale yanamfuata sekondari, na kutoka hapo ni vyeti vya NECTA, alafu akifika 18 NIDA, alafu akiomba mkopo wa chuo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na majina yafanane. Jina la kati ndo linapotea mara nyingi katika safari hiyo, la kwanza na la mwisho watu wanayajali, la kati linaachwa njiani kama mzigo. Akija kugundua mkubwa ni mwanasheria, ni hati ya kubadili jina, ni kwenda na kurudi.

Wangu wa kwanza tulirekebisha kabla hajaanza shule, ilichukua muda, nikabeba kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo ambavyo kwa bahati vilikuwa vimeandikwa sawa, Elia nafasi Amani. Bibi yake upande wa Same bado anamwita Eliamani na yeye anaitika.